Kidole Ndani ya Cheni

Mimi si mtu wa kusimulia nisichoweza kukipima. Ufundi wa pikipiki nilijifunza peke yangu, kwa kufungua, kuandika kwenye daftari na kufunga tena, na gereji yangu ya Mwanga, hapa Kigoma, naiendesha hivyo hadi leo. Kwa hiyo nikikwambia kwamba haya yalinipata mchana kweupe, na shahidi ninaye, niamini.

Nilikuwa nimempakia binti yangu, Asha, tukitoka Manyovu kurudi mjini. Kifuani alikuwa amemfunga mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa miezi mitatu. Tangu alfajiri pikipiki ilikuwa ikilia upande wa nyuma: kra, kimya, kra. Nilipoona cheni imekauka nikafanya kosa letu watu wa Kigoma, ambao mawese hayatuishii jikoni. Niliipaka mawese. Mlio ukanyamaza, nami nikahesabu kazi imekwisha.

Njiani ukarudi.

"Baba, si ulisema umeitibu?" Asha akaniuliza sikioni.

"Vumbi tu hilo, mama."

Tulipofika juu ya mteremko mrefu, pale barabara inapoanza kushuka kwa kona, mtu akasimama mbele yetu na kuinua mkono. Mzee mwembamba, amevaa ovaroli ya bluu. Safi! Umewahi kuona fundi mwenye ovaroli isiyo na hata doa?

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Hiyo cheni umeipaka nini?"

"Mawese kidogo."

"Ungeongeza chumvi na dagaa, mngepata mboga."

Asha akacheka, akashuka, akaenda kumnyonyesha mtoto kwenye kivuli cha mchikichi. Mzee akaniagiza niiweke pikipiki kwenye stendi ya kati, niiwashe, nitie gia ya kwanza.

"Hesabu. Gurudumu linazunguka mara ngapi kabla mlio haujarudi?"

Nikahesabu kwa kufuata pua ya tairi, pale pa kujazia upepo. "Karibu mara tatu."

"Basi gurudumu halina kosa. Lingekuwa na kosa, lingelia kila mzunguko. Sproketi nazo, hizi gia za meno zinazobeba cheni, vivyo hivyo. Ni kiungo kimoja tu cha cheni, kinalia kila kinapopita."

Kisha akaingiza kidole kati ya cheni na meno ya sproketi, gurudumu likiwa linazunguka.

Nilipiga kelele. Nimeshamfunga kitambaa kijana aliyeacha vidole viwili pale, najua cheni inafanya nini. Lakini cheni ilipita juu ya kidole chake, kiungo baada ya kiungo, naye ametulia kama anayehesabu tasbihi. "Hapa," akasema, akatoa mkono. Hakukuwa na damu. Wala mafuta! Mawese yale mekundu hayakumgusa hata ukucha.

Nikazima injini. Kwenye kiungo cha kufungia cheni, klipu inayokishikilia haikuwepo. Bamba lake lilikuwa limetoka nusu, linakwaruza. Kwenye mteremko ule cheni ingekatika, ikajikunja na kukaba gurudumu. Fikiria mwenyewe, na mtoto kifuani.

Klipu ya akiba nilikuwa nayo. Nilipoanza kuipachika akanishika mkono. Baridi yake siwezi kukueleza.

"Umeigeuza. Na ile ya kwanza uliigeuza hivyohivyo. Upande uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Mtoto naye hutanguliza kichwa."

Miaka tisa ya ufundi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikaipachika sawasawa, nikainua uso nimshukuru. Hakuwepo. Kushoto mihogo ya magotini, kulia mihogo ya magotini, na barabara nyeupe kwa jua.

"Yule bibi ameelekea wapi?" Asha akauliza.

"Bibi gani?"

"Huyo uliyekuwa unaongea naye, mwenye kanga nyeusi. Baba, unanitania?"

Hakuwa akinitania, wala mimi sikumtania. Tunabishana hadi leo, kila mmoja na aliyemwona. Alikuwa jini? Mzimu? Sijui, na daftari langu sehemu hiyo nimeiacha tupu.

Mjukuu wangu sasa anasoma darasa la pili, na ana mdomo! Kila nikimsikia akibishana na mama yake namshukuru Mungu, kisha namshukuru yule niliyekosa kumpa asante. Ndiyo maana pikipiki yoyote inayoingia gerejini, hata kama imeletwa kurekebishwa taa tu, kwanza nainama kutazama klipu ya cheni. Vijana wananicheka. Wacheke.

Nawe msomaji, usiuzibe mdomo mlio usioujua unakotoka. Hesabu mizunguko kwa macho, zima injini, ndipo uguse. Na ukisimamishwa na mtu juu ya mteremko ule, simama, msalimie, umsikilize. Ila mshukuru mapema, kabla hujainamisha kichwa.