Kofia ya kompyuta ilinifunza kungoja salamu ijibiwe

Wakuu, amani iwe juu yenu. Hili sikusimuliwa, limenipata mwenyewe. Asiyeamini aje Mji wa Kale nimuonyeshe nyumba yenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi redio. Redio nilikuwa naziweza, watu ndio walionishinda.

Nikiona barazani wamekaa wanaume, nazunguka uchochoro wa nyuma, hata kama nimebeba spika kichwani na jua linawaka.

Sasa nikaposa. Binti mwenyewe, Rukia, akakubali. Lakini ndoa hufungwa msikitini mbele ya wanaume tele, na bwana harusi lazima atamke mwenyewe "nimekubali", mashahidi wasikie.

Nikasingizia homa, ikaahirishwa. Nikasingizia tena. Baba yake akatuma ujumbe: nikiugua tena, posa imevunjika.

Nilikuwa nimekwisha, wallahi.

Hapo ndipo binti wa ami yangu, Zuhura, akarudi likizo kutoka ng'ambo alikokuwa akisomea saikolojia. Alikuja na kompyuta na likofia kubwa la kufunika macho. Virtual reality, enzi hizo ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa anachunguza watu wenye haya kupita kiasi huwakwepa vipi wenzao. Katika ukoo mzima, nani mwingine angemfaa?

Nikavaa. Subhanallah!

Niko sebuleni kwa ami, lakini naona nimesimama kwenye ukumbi mwingine kabisa, watu wamekaa pande zote. Nikigeuza kichwa, ukumbi nao unageuka. Watu wenyewe nyuso kama maboksi, na bado jasho lilinitoka shati likanata mgongoni.

Kutembea ni kubonyeza kidude mkononi. Nilipovua, Zuhura akanionyesha kwenye skrini mstari wa njia niliyopita. Umeambaa ukutani mwanzo hadi mwisho, na mlango wa kutokea ulikuwa mbele yangu moja kwa moja.

Niliutazama sana ule mstari. Woga wangu nilikuwa naujua moyoni tu, sikudhani unaweza kuchorwa.

"Kaka, hizi ni picha tu. Mbona umezikimbia?"

"Nimewatolea salamu, hawakuitikia."

Hakucheka. Waliotengeneza ile programu hawakujua kwetu mtu haingii mahali bila salamu. Akaniambia nivae tena, nitoe salamu, nisiondoke. Yeye na ami wakakaa nyuma yangu, wakawa wanaitikia kwa niaba ya wale maboksi.

Wakuu, mabega yalishuka yenyewe. Ndipo nikajua kuwa maisha yangu yote nilikuwa nanong'ona salamu huku nakwenda mbio. Jibu sikuwahi kulisikia.

Tukarudia kila alasiri, mpaka mstari ukapita katikati ya ukumbi.

Siku ya ndoa nikaingia msikitini, nikatoa salamu, nikasimama. Msikiti mzima ukaitikia. Mwili ulinisisimka, na nikiandika hapa unanisisimka tena.

Sheikh akauliza, nikajibu. Mzee mmoja wa nyuma akasema hajasikia.

Nikarudia "nimekubali", nikasikika hadi mlangoni kwenye viatu.

Funzo langu ni hilo tu: ukitoa salamu, usikimbie, ngoja.

Na wewe unayesoma kimya kimya bila kuchangia, nakujua, nilikuwa wewe. Andika japo salamu. Hapa twaitikia.