Mlango Umetazama Lango, Madirisha Yametazama Jua

Jumanne. Asubuhi ya mawingu, bila mvua.

Marafiki, msingi wa nyumba yangu hapa Sindo umemwagwa zege ukiwa umegeuzwa.

Mwaka mzima nimeandika kwenye daftari jua linakopita, ili madirisha makubwa yakwepe jua la alasiri na nyumba ikae baridi bila feni.

Sasa yote yatalitazama.

"Fundi, nani amehamisha vigingi vya kupimia msingi?" nikauliza.

"Mzee. Amesema mlango haiwezi kupea lango la boma mgongo. Madam, mimi nibishane na baba mkwe wako?"

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi juu ya matofali, anatabasamu.

"Nyar Rongo," akaniita, yaani binti wa Rongo, "nimekurekebishia."

Zege lilikuwa limeshakauka.

Nikamwambia asante.

Nyinyi mngesema nini?