Voice note ya mpwa wangu kuhusu video ya Wakorea ilivyotutoa jasho hapa Garissa

Salaam wakuu, popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu, napita kimya. Lakini hili limetokea nyumbani kwetu na nimelishuhudia mwenyewe. Sitatia chumvi, lenyewe linatosha.

Niko Garissa town, nauza spea za pikipiki. Dada yangu Halima anakaa mtaa wa pili na binti yake Hodan, yuko Form Three. Mimi ni abti yake, yaani mjomba.

Hodan anapenda kundi moja la K-pop, wasichana watano. Si kupenda kwa kawaida. Video zao ni kama sinema, zina hadithi ndani lakini hawakuelezi chochote. Mashabiki ndio wanabaki kubishana: huyu alikufa, yule ni ndoto, ule mlango una maana gani. Wanaita theory.

Mimi nilikuwa naona ni kelele za watoto.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima mlijue. Halima ana kijana mkubwa, Liban. Miaka ya nyuma alitoka nyumbani akisema anaenda kuangalia mifugo Hadado, upande wa Wajir. Hakufika Hadado. Alikuwa ameenda tahriib, ile safari ya magendo ya kupita jangwani kwenda Ulaya. Habari zake tulizipata kwa simu ya mtu tusiyemjua.

Alhamdulillah yuko hai, ana kazi, anapiga simu. Lakini tangu hapo, mtoto akichelewa kidogo tu, dada yangu anaacha chakula jikoni anaenda kusimama getini.

Sasa Jumamosi moja mchana Halima akanipigia. Akasema nije, nisiulize.

Hodan hana simu, hutumia ya mama yake. Halima alikuwa anatafuta sauti ya Liban humo, akabonyeza voice note ambayo Hodan ametuma kwa group ya wenzake. Kiswahili cha dada yangu ni cha sokoni, cha kununua na kuuza. Lakini maneno aliyoyashika yalimtosha. Nilipofika akanisikilizisha:

"Wanne wameshaondoka, amebaki yeye tu. Lazima atoke alfajiri kabla mama hajaamka. Akishavuka mto hawezi kurudi, ndiyo maana hakuaga."

Wakuu, mimi Kiswahili nakielewa, na bado nilisikia vilevile alivyosikia yeye. Mto tunao. Mpaka tunao. Wasichana wanne wameshaondoka, watoto wa nani hao?

Asubuhi Hodan aliaga kwamba anaenda tuition. Nikaenda huko, mwalimu akaniambia wamemaliza zamani. Nikaenda stage ya mabasi ya Wajir na Mandera, nikawaonyesha makarani picha yake. Hakuna aliyemwona. Nikafika mpaka darajani. Nilikuwa naomba dua kwa sauti juu ya pikipiki, watu wananigeukia, sijali.

Kilichonisumbua si hata Hodan. Ni nitamwambia nini dada yangu mara ya pili.

Nikiwa darajani, simu ikaita. Ni mama ya Nasra, rafiki yake Hodan. Halima alikuwa amempigia akilia. Akaniambia wasichana wako kwake tangu tuition iishe, nije mwenyewe nione.

Nilifika nikasimama mlangoni. Wasichana watatu wamelala kifudifudi kwenye mkeka, laptop mbele yao, wanabishana kama mawakili. Hodan anasema wale wasichana watano wa kwenye video ni mtu mmoja. Kila anayetoka nyumbani ni umri mmoja unaoisha, na wa tano akivuka mto ndio amekuwa mtu mzima. Nasra anasema hapana, wale wanne walikufa, huyu anawaota.

Nikakaa chini palepale kwenye kizingiti. Nilicheka, halafu machozi yakatoka, halafu nikacheka tena. Watoto wakageuka wakaniangalia.

Nilipomweleza Hodan tulichosikia, hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu kuhusu hoyo, yaani mama yake: "Hoyo alifikiri ni kama Liban?"

Nikamwambia ndiyo. Akajifuta uso kwa ushungi wake, akaomba laptop ya Nasra, akasema twende.

Nyumbani Halima alimkumbatia, kisha akamgombeza, kisha akamkumbatia tena. Mambo yalipotulia akasema anataka kumwona huyo msichana aliyemtoa roho.

Tukaiangalia sote. Hodan anasimamisha kila mahali, anaeleza kwa Kisomali: huu mlango, hii theluji, hivi viatu vilivyoachwa. Dada yangu hajui Kikorea, hajui theory. Anatazama tu.

Ilipofika pale msichana wa tano anatoka alfajiri, Halima akasema rudisha nyuma. Akaonyesha kwa kidole taa ndogo iliyokuwa inawaka nje ya mlango.

"Hii taa nani ameiwasha?"

Hodan akasema labda ni mapambo tu. Lakini akarudisha kwa wale wanne waliotangulia. Kila mmoja alipotoka, taa ilikuwa inawaka.

"Basi mama yao hajalala," Halima akasema. "Anajua. Anangoja aambiwe tu."

Hodan akafunga laptop polepole. Akamwegemea mama yake begani na kumwambia kwamba akimaliza shule anataka kwenda kusoma Nairobi, amekuwa akiogopa kusema kwa sababu ya Liban. Halima alimshika mkono, akasema Nairobi kuna basi la kurudi, tutaongea.

Siku hiyo tulikula chakula cha mchana saa ya Asr, na sijawahi kula wali mtamu vile.

Nilichojifunza: mtoto wako akipenda kitu usichokielewa, kaa naye mkitazame. Mimi ningejua hiyo video inahusu nini, nisingefika darajani. Na Hodan angekuwa na mtu wa kumwambia habari za Nairobi mapema.

Theory ya taa Hodan ameipeleka kwenye group, wanapigana huko mpaka leo. Nasra bado anashikilia kwamba walikufa.

Wazazi na wajomba wa humu, wenu wanatazama nini? Na kama kuna shabiki wa haya mambo, aniambie: mnaamini ni mtu mmoja, au ni watano kweli? Mimi nimeshaanza kubishana nyumbani, nahitaji hoja.