Mtoto wa Kiwanda

Kila nikifungua robota la pamba hapa Mbale, ile harufu ya pamba na mafuta ya mashine hunirudisha utotoni. Magodoro ninayotengeneza yanalaliwa mpaka mpakani, na mimi hata darasa la nne sikulimaliza. Leo kijana wangu mmoja wa kushona aliniambia mtoto wake anaumwa. Nikampa ruhusa.

Kule Jinja, baba alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo. Siku moja mdogo wangu alichemka kwa homa, akalegea, hakulia tangu alfajiri. Baba akambeba begani, mimi nikashika shati lake, tukaenda mpaka langoni.

"Mtoto wa nani huyo?" askari akauliza.

"Wa kiwanda, afande," baba akajibu.

"Kiwanda hiki kimezaa kuliko babu yangu! Piteni upesi."

Njia ya kwenda zahanati ya kiwanda ilikatiza kwenye mashine za kufumia. Wallahi, sijaona tena kitu kama kile! Sakafu ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Vumbi la pamba lilielea, nguo nyeupe ikateremka bila kukatika, na kwa mngurumo ule watu walizungumza kwa mikono. Kule zahanati nesi akamdunga mdogo wangu sindano, akatupatia na maziwa. Baba hakugusa mfuko wake, wala hakuna aliyemwuliza.

Tuliporudi katikati ya ule mngurumo, nilitazama juu begani mwa baba. Mdomo wa mdogo wangu ulikuwa wazi kabisa, machozi yanamtoka, analia kwa nguvu zake zote, na sauti haisikiki. Baba alikuwa anacheka, naye pia simsikii.