Upepo, Hakuna Aliyeumia

Fundi lifti mmoja, ambaye wenzake walimbandika jina la Breki, alikuwa na sifa ya ukorofi mjini kote. Akikuta kamba ya lifti imechakaa kidogo tu, anaifunga lifti nzima, na mwenye jengo apande ngazi hadi ghorofa ya tisa na kitambi chake. Walimbembeleza, walimfokea, akawatazama kana kwamba hawasemi na yeye. Kwa hiyo klabu ya ndege ndogo za rimoti ilipotafuta msimamizi wa usalama, haikuhangaika. Walimkabidhi kitabu cha ajali, kila mtu akarudi kwenye ndege yake roho kwatu.

Walichosahau ni kwamba kazini Breki alikuwa na wateja, na klabuni alikuwa na marafiki. Hapo ndipo watu wazima tunapoharibikiwa.

Rafiki mwenyewe ni kinyozi, anaitwa Kapteni, ingawa ndege ya kweli hajawahi kuipanda hata kama abiria. Mwezi uliopita alichomeka betri kwenye ndege yake ya njano, ile yenye mabawa marefu kuliko kitanda, na mota ikawaka yenyewe. Rimoti ilikuwa chini, hakuna aliyeigusa. Ndege ikachomoka mezani, ikaenda arijojo, ikajikita kwenye uzio. Walioona ni wawili tu, Kapteni na Breki. Na kanuni haina kona: mota ikiwaka yenyewe inaandikwa, ndege inafungiwa mpaka fundi wa shirikisho la ndege hizo aikague. Mashindano yalikuwa wiki mbili mbele.

"Andika upepo, ndugu yangu," Kapteni alisema. "Nitaitengeneza mwenyewe. Si unanijua?"

Alimjua sana. Huyu alikuwa amemnyoa miaka kumi na moja, na siku ya kumzika mama yake Breki alikuwa wa kwanza kulibeba jeneza. Breki akaandika: Upepo. Hakuna aliyeumia.

Jumamosi iliyopita Kapteni alimwomba shemeji wa Breki amshikie ndege achomeke betri. Shemeji huyu, mume wa dada yake mdogo, ni fundi saa, mtu mpole, mwangalifu hadi anachosha. Hata kiti hukikagua kabla ya kukikalia. Klabuni aliletwa na Breki mwenyewe. Akaishika ndege kwa mikono miwili, betri ikaingia, mota ikawaka. Pangaboi lilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, kikiwemo cha gumba, kabla hajajua analia nini. Daktari alisema havirudishiki.

Taarifa ilitakiwa kufika shirikisho Jumatatu, kabla ya saa kumi jioni. Jumatatu asubuhi Breki alikuwa amejifungia kwenye kontena la klabu, fomu mbele yake, shati limemganda mgongoni. Alijaza tarehe. Alijaza hali ya hewa. Akafika swali la saba: Je, tukio kama hili limewahi kutokea kwa ndege hii? Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Kapteni akagonga, akaingia, macho mekundu kama pilipili. Siku mbili hakuwa amefungua saluni yake.

"Weka Hapana," alisema. "Kitabu chenyewe kinasema upepo. Nani atabisha?"

"Nilikiandika mimi."

"Ndiyo maana! Ukiweka Ndiyo, mimi nimekwisha, na wewe umekwisha. Halafu dada yako atajua. Umefikiria hilo?"

Alikuwa hajafikiria kingine tangu Jumamosi. Nisimpambe: aliishusha kalamu mpaka ikagusa kisanduku cha Hapana, akaiacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akaihamisha, akatia alama kwenye Ndiyo, akaikunja fomu na kwenda hospitali. Kapteni alimwita mara mbili.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeanza. Dada yake alikuwa anajaribu kumlisha mumewe supu kwa kijiko, mkono wa kulia ukiwa umefungwa bandeji kubwa juu ya mto. Alipomwona Breki, uso ukafunguka.

"Afadhali umekuja, kaka. Mwambie ale. Jana alinituma kibano chake cha saa, nikamletea. Akajaribu kuokota punje ya wali kwa mkono wa kushoto. Nusu saa nzima! Punje moja imemshinda, akageukia ukutani mpaka leo."

"Shemeji," Breki alianza, "nimekuja kuhusu hii taarifa..."

"Usijitie lawama," shemeji alisema, bado akitazama ukuta. "Mimi si mtu wa kushikashika vitu ovyo, unanijua. Kabla sijaishika ile ndege nilifungua kitabu chako. Nikaona umeandika upepo. Nikasema, kama ni shemeji kaandika, basi."

Breki alitaka ardhi impasukie. Hakungoja zaidi, maana angengoja angenyamaza. Akawasomea swali la saba na jibu lake, akawaeleza siku ya uzio, mota, na Kapteni alivyomwomba. Dada yake alibaki na kijiko hewani. Supu ikadondokea shuka, hakuna aliyeifuta.

Shemeji akageuka taratibu.

"Nilipokuwa nasoma kitabu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako."

"Uliniona nakisoma?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna shahidi, hata Kapteni wakati huo alikuwa anatafuta betri.

"Nilikuona."

Dada yake alikiweka kijiko kwenye bakuli. Alipiga moyo konde asilie mbele ya mumewe, akasema kwa sauti ndogo, "Toka." Hakumwita kaka. Breki akasubiri amwite, walau amtukane, na alipoona hapati hata hilo, akatoka.

Kwenye korido alikaa kwenye benchi kati ya watu wanaongoja dawa, akaiweka fomu gotini. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya maelezo mengine, ambayo kwa kawaida watu huiacha wazi. Akaandika: Majeruhi alikisoma kitabu cha ajali kabla ya kushika ndege. Mimi msimamizi nilimwona, nilijua nilichokiandika ni uongo, na sikusema kitu. Akatia sahihi. Ilikuwa saa nane na robo, na ofisi ya shirikisho ilikuwa mtaa wa pili tu.