Mkoba wa Redio wa Mwalimu

Mwalimu alikuja nyumbani kwetu Ifakara asubuhi, baiskeli imejaa tope mpaka kwenye tandiko, naye amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na masika ya mwaka ule yalikawia kuondoka. Mume wangu alikuwa fundi viatu. Baraza yetu ilitazama njia ya kivukoni, na kila aliyetoka ng'ambo ya Kilombero na kiatu kilichoachama alipitia kwetu. Mwalimu alifungua taulo lake, akaweka redio juu ya benchi. Ilikuwa ndogo, haizidi tofali, na ilisema bila waya wowote kwenda ukutani. Redio kubwa ya misheni nilikuwa nimewahi kuiona, lakini hii ya kubebwa mkononi ilikuwa ya kwanza kwangu.

Alieleza shida yake. Kazi yake ilikuwa kukagua shule za vijijini, siku nyingine kwa baiskeli, siku nyingine kwa mtumbwi. Redio aliinunua Dar es Salaam wakati wa likizo, na tayari maji yalishaingia mara moja, ikanyamaza siku nne. Alitaka mkoba wa ngozi utakaoikaa barabara, ambamo angeweza kuisikiliza bila kuitoa. Mume wangu aliigeuza huku na huku, akasema itakuwa tayari. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Hakunitazama aliposema hivyo, kwa sababu alijua kwamba ahadi ile alikuwa anaitoa kwa mikono yangu.

Mume wangu alijua viatu, wala simdhulumu kwa hilo. Alifundishwa na mafundi wa misheni kugonga soli, kubadili visigino, kukata makatambuga kutoka mpira wa gari, na viatu vyake vilidumu. Lakini ngozi laini, ile inayotaka kubembelezwa, ilimshinda. Mimi ndiye niliyeijua. Baba yangu alikuwa mwindaji upande wa Mahenge, na kaka yangu alipochukuliwa vitani Burma, baba alibaki na mimi. Akanifundisha kuloweka ngozi katika maji ya magome ya mgunga, kuikwangua, kuilainisha kwa mafuta, kushona ala za visu. Nilipoolewa, kwenye kikapu changu cha vyombo kulikuwa na msharasi wake, kile chuma chembamba chenye mpini cha kutobolea ngozi.

Mwalimu alipoondoka, mume wangu aliingia ndani akaniwekea redio mapajani.

"Hii ni ya mkono wako," alisema. "Mimi nitaiharibu."

Ndani ya nyumba aliweza kulisema bila haya. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko yote baadaye.

Mkoba ule ulinichukua wiki tatu. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, kwa hiyo tangu alfajiri nilikuwa shambani kuamia ndege, na mchana nikirudi nilikaa ua wa nyuma na ngozi. Ya nje ilikuwa ya nyati, ya ndani ya sheshe, yule mnyama wa mbugani kwetu mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ili kioo cha redio kisikwaruzwe. Nilimwomba seremala jirani anichongee kipande cha mninga chenye ukubwa wa redio ile ile. Nikailowesha ngozi, nikaivika kwenye ule mti, nikaikandamiza pembe zake kwa mgongo wa kijiko siku hadi siku mpaka ikashika umbo. Mbele, mahali pa sauti, nilitoboa matundu madogo kwa safu. Ubavuni niliacha nafasi ya vitasa vya kuzungushia. Uzi ulikuwa wa katani, umepakwa nta ya nyuki, nami niliuvuta kwa nguvu hata ukanichanja chini ya vidole vidogo vyote viwili. Mbele ya kifuniko nilishona kifungo cha shaba. Kifungo kile kilitoka kwenye koti la kaka yangu. Alirudi kutoka Burma mzima, akaja kufa kwa homa kitandani kwa mama. Nilikuwa nimekitunza kwenye fundo la kitambaa. Nilikitoa kwa sababu kazi ile ilistahili.

Mwalimu alipokuja kuchukua, aliivika redio yake, akaiwasha, sauti ikatoka kwenye yale matundu safi kabisa. Alicheka kama mtoto. Akamshika mume wangu mkono, akautikisa, akamwambia hata Dar es Salaam hajaona kazi kama ile. Mume wangu alijibu kwamba ni kazi ndogo tu. Mimi nilikuwa nimeleta maji ya kunawa na sahani ya mihogo. Nilimmiminia Mwalimu maji, akayatazama yale maji, au nilidhani anayatazama maji, akanishukuru. Nikarudi jikoni.

Siku ile hasira ilikuwa ndogo. Nilijiambia kwamba mwanamume ana haya zake, kwamba fundi akijulikana kuwa mkewe ndiye mwenye mkono atachekwa klabuni. Nilimtafutia sababu kwa bidii kuliko alivyojitafutia mwenyewe.

Baada ya mavuno yakafanyika maonyesho ya kilimo na kazi za mikono. Watu walikuja kutoka hata Mlimba, na magunia ya mpunga, maboga, mikeka, vyungu. Mwalimu aliomba mkoba wake uwekwe mezani, na pembeni yake kikaratasi chenye jina la mume wangu. Waamuzi walikuwa watatu, bwana shamba Mzungu, sista mmoja, na jumbe. Mimi nilikaa upande wa wanawake, karibu kabisa, nikaona kila kitu. Yule sista aliuchukua mkoba, akapitisha kidole kwenye mshono, akaufungua na kuufunga tena. Kisha akagusa kile kifungo. Alimwuliza mume wangu kwa Kiswahili chake cha polepole kimetoka wapi, kwa kuwa ni kizuri.

"Nilikiokota sokoni," mume wangu alisema.

Hakusita hata kidogo. Jibu lilimtoka jepesi, kama anayetaja bei ya kandambili. Nilihisi masikio yangu yanaziba. Kushona angeweza kujipa, ningevumilia. Lakini koti la marehemu kaka yangu alilijua. Alikuwepo tulipomzika. Mke wa jirani aliyekaa nami aliniuliza kama naumwa, nikamwambia jua kali.

Walimpa zawadi ya kwanza, blanketi la sufu na karatasi yenye mhuri. Watu walimpigia makofi. Tulipofika nyumbani alinitandikia lile blanketi mabegani, akasema nami nifaidi. Nikalivua, nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti chake. Nilimwuliza kwa nini alisema ameokota. Alijibu kwamba maelezo yangekuwa marefu, na wazungu hawapendi maelezo marefu. Nikamwambia neno "shemeji" si refu. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilimpikia, nikamfulia, nikampokelea wageni wake, na sikuzungumza naye ila mambo ya watoto.

Ndipo bwana shamba Mzungu akamtuma karani wake na redio ya pili, naye anataka mkoba kama ule. Mume wangu aliipokea. Alipoileta ndani, nilikuwa napepeta mchele, nami sikusimamisha ungo.

"Mwambie aliyeshona ule wa kwanza ashone na huu," nilisema.

Alidhani natania. Siku ya pili aliona sitanii, akaanza mwenyewe. Alikaa nayo barazani, amewafukuza wateja wa viatu, akakata ngozi ya nyati kabla haijalowa vizuri, ikapasuka pembeni. Akakata nyingine. Ngozi nzuri ya sheshe, niliyoilainisha kwa wiki mbili, aliitoboa matundu makubwa kama ya chujio la pombe. Nilipita nikaona, nikaendelea na njia yangu. Sioni aibu kuandika kwamba nilifurahi, na furaha ile ilikuwa chungu mdomoni.

Mama mkwe aliitwa. Alikuwa Mndamba wa makamo, mfinyanzi hodari, mwanamke niliyempenda na ninayempenda bado. Alinikalisha akaniambia, mwanangu, mke humsitiri mume, shona, yaishe. Nilimwuliza kwa heshima, vyungu vyake nani anavipeleka sokoni. Akasema yeye. Nikamwuliza angejisikiaje baba mkwe akikaa navyo sokoni na kusema amevifinyanga yeye. Alijifunga upya khanga yake. Mwishoni akasema vyungu ni kazi ya wanawake tangu zamani, ngozi ni jambo jingine. Lakini hakunihimiza tena, akarudi kwake.

Nikafikiri, Mwalimu ni mtu aliyesoma, mtu wa haki. Yeye akijua, atasema, na akisema yeye watu wataamini. Nilikwenda kwake mchana, nikamkuta mbele ya nyumba anasahihisha madaftari, redio iko kando yake ndani ya mkoba wangu. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja na jambo. Nikamweleza lote, tangu magome ya mgunga hadi kifungo. Alisikiliza, ameshika kalamu. Nilipomaliza hakushangaa.

"Najua, mama," alisema. "Nilijua siku ile uliponinawisha. Niliona vidole vyako."

Nilimwuliza kwa nini basi aliandika jina la mume wangu kwenye karatasi. Akasema si vizuri mtu wa nje kuingia kati ya mke na mume. Akasema tena kwamba hata seremala anajua, na karani pia ameshasikia, na kwamba mimi ni mwanamke wa kusifiwa kwa uvumilivu wangu.

Sijawahi kukasirika hivyo kabla wala baada. Hasira kwa mume wangu nilikuwa nimeizoea, ina mahali pake pa kukaa. Hii ilikuwa kwa watu wote. Nilikuwa nimeficha siri miezi mitatu, nikijitanda khanga mpaka mikononi kwenye joto la Ifakara ili vidole visionekane, kumbe naficha kitu ambacho mji mzima ulikuwa umekiona na kukubaliana kukinyamazia. Walikuwa wamenitazama nikipigia makofi jina la mtu mwingine. Nilimwambia Mwalimu kwamba uvumilivu ule sikuutaka mimi, nimetwishwa na yeye na wenzake. Sikuaga.

Nilifika nyumbani, nikachukua redio ya bwana shamba kutoka barazani mbele ya macho ya mume wangu, nikaenda nayo ofisini kwake. Karani alitaka niiache kwake. Nikakataa, nikasimama kwenye ngazi mpaka Mzungu akatoka. Nilimwambia kwamba ule mkoba wa maonyesho niliushona mimi, na kama anataka wa kwake ajue anampa nani kazi. Karani alitafsiri kwa maneno machache mno kuliko yangu, nikamwambia arudie yote. Akarudia. Yule Mzungu alinitazama, akatazama redio, akasema jambo fupi. Karani akanigeukia akasema bwana hana neno, ashone yeyote, yeye anautaka kabla hajasafiri.

Ashone yeyote. Nilikuwa nimetembea barabara nzima nimejiandaa kubishiwa, kuitwa mwongo, kuambiwa nithibitishe. Hakunijali kiasi cha kunibishia.

Niliushona mkoba ule, lakini si ua wa nyuma. Nilikaa barazani, kwenye benchi la mume wangu, mchana kweupe, njia ya kivukoni ikipita mbele yangu. Watu walisimama. Wengine walisalimia wakaondoka haraka, wanawake wawili watatu walikaa nami. Mzee mmoja aliliuliza lile gogo la kugongea viatu mwenyewe yuko wapi, kisha akajichekea mwenyewe. Sikucheka. Mume wangu siku zile alikwenda dago, kambi ya wavuvi mtoni, alikokuwa kaka yake, akakaa mpaka kazi ikaisha.

Aliporudi alileta kambare wakavu, akaniamkia yeye kwanza. Hakuomba radhi. Alisogeza benchi upande mmoja, akanichongea kigoda changu, akakiweka pembeni mwa chake. Tukafanya kazi hivyo miaka mingi, na wateja walipouliza mikoba ni ya nani alisema "tunashona." Hakuwahi kushika msharasi kwa ajili ya mkoba hata mmoja. Nilimsikia akisema "tunashona" mara mia, nikameza mara mia, kwa sababu alikuwa mtu mpole, alipenda watoto wake, na nilichoka.

Amekufa. Nilimlilia kwa dhati, mwenye shaka awaulize walionishika. Kanisani ulisomwa wasifu wake. Alizaliwa hapa, akasoma pale, akaoa, akazaa, na alikuwa fundi wa kwanza katika bonde letu kushona mikoba ya redio, hata akapewa tuzo. Nilikaa mbele kabisa, nimevaa nyeusi, watu wakitikisa vichwa kwa heshima.

Aliyeandika wasifu ule ni binti yetu wa pili, anayefundisha sekondari. Tulipomaliza matanga nilimwuliza habari ile kaitoa wapi. Akashangaa. "Si ndivyo ilivyokuwa, mama? Nilijua baba ndiye aliyeanza, nawe ukajifunza kwake. Wewe mwenyewe hukuwahi kusema vingine."

Ni kweli, sikuwahi. Basi nimesema, na nakala ya kwanza nampa yeye.