Mama Bonyeza na vidole vya baba mkwe

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Bonyeza anavaa kofia ya nailoni, ananawa hadi viwikoni, kisha anakaa mbele ya beseni la kioo lililojaa maji. Anachukua pampu ya mpira laini, ndogo kama ncha ya kidole gumba, anaizamisha na kuibonyeza mara kumi. Kikitokea kiputo kimoja tu, pampu inakwenda kwenye ndoo nyekundu.

"Hapa hakuna cha huruma," anasema. "Inavuja au haivuji."

Kiwanda hiki kinatengeneza kifaa cha kupandikizwa kwa wanaume ambao mkojo unawatoka bila hiari, wengi wao baada ya upasuaji wa tezi dume. Mkanda mdogo huubana mrija wa mkojo. Mtu akitaka kujisaidia, anabonyeza pampu iliyowekwa kwenye mfuko wa korodani, mkanda unalegea, na baada ya dakika chache unajibana wenyewe.

Mama huyu wa watoto watatu ana miaka tisa kazini. Kwa siku hupima pampu sitini. Piga hesabu, ni mibonyezo mia sita. Wenzake ndio waliompa jina hilo, na hata mhasibu amelizoea.

Nyumbani, miaka yote hiyo, alisema tu kwamba anashughulika na "vifaa vya hospitali". Baba mkwe wako utamweleza nini zaidi?

Mwaka juzi baba mkwe huyo, mchora mabango mstaafu anayeishi nao, alipasuliwa tezi dume. Alipona vizuri, ila mkojo ukawa haushikiki. Mzee aliyekuwa hakosi kijiweni akaacha kutoka nje, hata msibani haendi. Mashuka yakawa yanaanikwa kila asubuhi na hakuna anayesema neno.

"Nikamwambia mume wangu, mweleze baba kuna kifaa. Akaanza kutafuta rimoti ya TV," anasimulia huku akicheka. "Na rimoti anayo mkononi!"

Akamwendea mama mkwe, ambaye hakumung'unya maneno. Baada ya wiki mbili mzee alikuwa mbele ya daktari, na bima ikakubali kulipa. Hapo ndipo likazuka la vidole.

Baridi yabisi imemkakamaza mikono yote miwili. Daktari alisema wazi kwamba asiyeweza kubonyeza pampu mwenyewe hawekewi, kwa sababu hataweza kukojoa. Akampa miezi mitatu ya mazoezi.

"Sasa mahali penyewe pale, nani atambonyezea?" anauliza Mama Bonyeza, kisha anaziba mdomo kwa haya.

Alimwomba msimamizi wake pampu ya mafunzo, ile wanayowaonyesha wageni. Akaifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mzee kwa mikono miwili.

"Baba, naomba unisaidie kazi ya ofisini," alimwambia. "Wanataka kujua kama inamsumbua mtu mwenye vidole vigumu."

Mzee aliitazama pampu, akamtazama mkwe wake. "Kama ni kazi ya ofisini, sawa."

Tangu siku hiyo anatoa ripoti kila jioni. Wiki ya kwanza ilikuwa sifuri. "Waambie wakubwa zako hiki kitu ni jiwe," alilalamika. Wiki ya tano, mara mbili. Jumapili iliyopita, mara saba, tena kwa mkono wa kushoto. Daktari anataka kumi, na miadi ni Alhamisi.

Mama Bonyeza ameshaomba ruhusa. "Nitakaa nje kwenye benchi. Ndani siingii, na hata nikiingia sina la kumsaidia," anasema. "Ninachotaka ni kumwona baba anatoka zake asubuhi, harudi mpaka jioni, na sisi tunaanza kuuliza kaenda wapi." Machozi yanamlengalenga.

Jioni, sebuleni, mzee anakubali tumwangalie, mradi jina lake lisiandikwe. Anabonyeza huku akihesabu kwa sauti ya chini. Nane. Anavuta pumzi. Tisa. Kidole kinateleza.

"Nikuandikie tisa, baba?" anauliza mkwe wake, daftari mkononi.

Mzee anatikisa kichwa.

"Ofisini waambie nimeacha kazi, mwanangu," anasema. "Hii sasa naifanya kwa ajili yangu."

Mama Bonyeza anafunga daftari. Mzee anafuta vidole kwenye shati na kuanza tena, moja.